Redio yetu hapa Tanga imeuzwa tena? Maswali mnayoniuliza kila siku

Jamani nimeamua kuyaandika haya sehemu moja, maana nikipita Mgandini kununua samaki naulizwa, nikikaa kibarazani Barabara ya 8 naulizwa, juzi msibani Makorora mzee mmoja kanivuta pembeni, "mwanangu, ile redio sasa ya nani?" Nimekaa chumba cha mitambo pale chini ya wenye redio watatu. Jina la redio sitalitaja na wahusika sitawataja, anayejua anajua. Ya sheria nimeyaweka kama yalivyo na ya moyoni nayo nimeyaweka kama yalivyo.

Kwani imeuzwa au haijauzwa?

Imeuzwa, ila sio vile wengi mnavyofikiria, kwamba mtu kaja na begi la hela, kakabidhiwa ufunguo, basi redio yake. Redio ina mafungu matatu na kila fungu lina njia yake. Kuna kampuni, hiyo imesajiliwa BRELA, wale wa usajili wa makampuni, na ina wanahisa. Kuna vyombo, yaani transmita, mnara, mikisa, maiki, kompyuta, mpaka yale magodoro ya ukutani ya kuzuia mwangwi. Halafu kuna leseni na masafa, na hivyo ni TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, anayetoa na TCRA anayechukua.

Hapa kwetu zimeuzwa hisa. Kampuni ile ile, jina kwenye leseni lile lile, ila waliokaa mezani kule juu ni wengine. Ndo maana kesho yake asubuhi mlisikia jingo ile ile, kile kiwimbo cha kuitambulisha redio, na sauti zile zile mkasema ni maneno ya watu tu. Na hata hizo hisa haziuzwi kimya kimya, umiliki ukibadilika TCRA lazima wajulishwe na waridhie, TRA nao wanataka kodi yao kwenye hayo mauzo, ndipo BRELA majina yabadilike. Mtu akinunua vyombo peke yake kanunua vyuma, leseni haiifuati transmita kama mkokoteni unavyomfuata punda.

Na masafa je? Si walisema wamenunua masafa?

Masafa hayauzwi. Hili naomba mlishike kuliko yote niliyoandika hapa.

Redio za FM zote zinabanana kati ya megahezi 87.5 na 108, hapo ndo mwisho, hakuna mtu atakayeongeza. Ukiweka redio mbili karibu karibu kwenye eneo moja zinagombana, kwa hiyo nafasi ni chache na zinagawiwa kwa hesabu. Ni mali ya umma. TCRA, ambayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2003, inakupa ruhusa ya kutumia nafasi moja, kwa muda, kwa masharti, unalipia kila mwaka. Ni kama pale Deep Sea, unapewa mahali pa kutia nanga ngalawa yako, hiyo haikufanyi uwe na bahari. Sasa mtu akikwambia "redio yangu nafanya ninavyotaka" mjibu kwa adabu kwamba vyombo ni vyake, hewa anayopitia ni yetu sote.

Zamani si ilikuwa redio moja tu nchi nzima?

Ndio, wazee wanasema kweli. Ilianza Sauti ya Dar es Salaam mwaka 1951, baadaye ikawa shirika la Tanganyika, na kufika 1965 ndo Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD ya wazee wetu. Mlango wa watu binafsi ulifunguliwa na Sheria ya Utangazaji ya 1993, na 1994 Radio One ikaingia hewani. Hizi redio zetu za mikoani zimekuja nyuma ya hapo.

Mbona taarab ya mchana imetolewa?

Hili ndo linaloniuma, na ndo linaloulizwa zaidi, hasa na akina mama.

Taarab kwa Tanga sio kipindi cha kujazia ratiba. Black Star Musical Club walikuwa wa hapa hapa, ndo walioingiza magitaa na besi kwenye taarab, wakaifanya nyepesi, ya Kiswahili cha kila mtu, ya kuchezeka, mpaka Mombasa wakaifuata. Lucky Star pia wa hapa. Bi Shakila Saidi, Mungu amrehemu, aliyetutoka 2016, sauti yake imekomaa kwenye vikundi vya mji huu. Sasa redio ya Tanga isiyopiga taarab mchana, niambieni, nani atapiga?

Mwenye redio wa kwanza alikuwa mfanyabiashara wa hapa hapa mjini, hakuwa na elimu ya redio lakini sikio alikuwa nalo. Yeye ndo alisema saa 7 mpaka saa 9 mchana taarab tupu, maana ndo saa ambayo chakula kipo jikoni na mafundi cherehani wako kwenye mashine. Ukipita Ngamiani muda ule ulikuwa unausikia wimbo mmoja kutoka nyumba ya kwanza mpaka ya mwisho bila kukatika, unatembea nao tu mpaka unafika unakokwenda.

Walipoingia wa pili wakaja na karatasi imeandikwa wasikilizaji wanaotakiwa ni vijana. Sababu ni matangazo. Makampuni makubwa ya simu, benki, vinywaji na ya kubeti hayaleti tangazo yenyewe huku, yanapitia mawakala Dar, na wakala anauliza swali moja, vijana mnao? Ukisema unao unapewa, ukisema una mama wa Makorora anayekaanga maandazi wanafunga faili. Hapo mi siwaelewi mpaka leo, kwa sababu huyo mama ndo ananunua unga, mafuta, sabuni, vocha, sare za shule, kila siku ya Mungu, kwa hela taslimu. Na saa ile ya taarab ilikuwa imejaa matangazo madogo madogo ya maduka ya vitenge, saluni, wapishi wa harusi, wakodisha viti. Hela ndogo lakini ilikuwa inalipwa siku hiyo hiyo, wakati zile za mawakala unaweza kukaa miezi mitatu unasubiri. Walipoitoa taarab wale wadogo wakaondoka wote, na wale wakubwa hawakuja wote. Hilo nililiona kwa macho yangu maana mi ndo nilikuwa napanga matangazo kwenye mashine.

Bongofleva sina ugomvi nayo na singeli nayo sina ugomvi nayo, vijana ni wetu. Ila siku ina saa 24.

Siku hizi nyimbo zinajirudia sana, tatizo nini?

Pleilisti. Zamani mtangazaji alikuja na nyimbo zake mkononi, anajua leo mvua inanyesha apige nini. Sasa kuna programu kwenye kompyuta, mtu mmoja anaipa nyimbo kidogo na kuiambia hizi zirudi kila baada ya saa kadhaa, hizi mara moja kwa siku, na mashine inazungusha. Mtangazaji anaongea katikati tu. Ukiona wimbo umeusikia asubuhi ukienda kazini na jioni ukirudi ujue hivyo ndo ilivyopangwa.

Mbona nikipiga simu usiku haipokelewi na mtangazaji namsikia anaongea?

Kwa sababu hayupo. Amerekodi sauti yake mchana, kompyuta inaitoa usiku. Na usiku mwingine sio Tanga kabisa, ni kipindi kinaletwa kwa intaneti kutoka Dar na sisi tunakipitisha tu. Mwenye redio anaokoa mshahara wa mtu wa usiku na hela ya bodaboda ya kumrudisha nyumbani.

Niwaambie kilichotokea. Usiku mmoja saa 3 alikuja baba mmoja getini anahema, mtoto wake wa kiume kapotea tangu saa 10 jioni, kaptula ya bluu, hana viatu, anataka tumtangaze. Studio taa zinawaka, redio inaongea, lakini ndani hamna mtu. Mlinzi kanipigia simu, nikatoka nyumbani Chumbageni kwa baiskeli mpaka pale, nikaikata ile kompyuta nikafungua maiki mwenyewe, mi ambaye sio mtangazaji, nikasoma tangazo mara tatu. Simu ya kwanza iliingia kabla sijamaliza mara ya tatu, mtoto alikuwa kakaa kwenye duka la mtu anapewa soda. Alhamdulillah. Wiki iliyofuata niliitwa ofisini nikapewa barua ya onyo kwa kukatisha kipindi cha Dar. Ile barua ninayo.

Redio ya mji ni hiyo. Kuna maji yamekatika, kuna daraja limejaa, kuna mtu kafariki na maziko ni baada ya adhuhuri, watu wajue. Kompyuta haina habari na hayo.

Kadi zetu za salamu ziko wapi?

Zile mlizokuwa mnanunua na kujaza kwa mkono, jina lako, unakotoka, unaowasalimia na ujumbe? Hazipo. Zimehamia WhatsApp, na WhatsApp zenyewe zinasomwa tano kisha tangazo.

Wasiojua wanaona salamu ni upuuzi. Mi nimewapanga wale wana salamu miaka, walikuwa na majina yao ya salamu, wana umoja wao, mmoja akiugua wanachangishana, akifiwa wanakwenda wote, na wengi walijuana kwa redio kabla ya kuonana sura. Kuna mama mmoja wa Pongwe alikuwa anatuma kadi kila Ijumaa kumsalimia mwanawe baharia, na mwandiko wake ulikuwa umelala upande kama mchaichai kwenye upepo. Mtangazaji alikuwa anaujua ule mwandiko kabla hajasoma jina.

Mtangazaji fulani amefukuzwa?

Ya mtu binafsi sitajibu. Ila nyie mnaofanya kazi kwenye redio, someni hapa.

Zikiuzwa hisa mwajiri wako hajabadilika, kampuni ni ile ile, mkataba wako unaendelea na miaka yako ya kazi inaendelea kuhesabika. Usikubali kuambiwa "sisi wapya, anza upya". Wakitaka kupunguza watu kuna utaratibu kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, wanatakiwa watoe taarifa, wajadiliane na nyinyi, na ukiondoka kwa kupunguzwa kuna kiinua mgongo, mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliomaliza, mwisho miaka 10. Ukiona umeachishwa kwa dhuluma unakwenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na una siku 30 tu tangu uachishwe. Wenzangu wawili walikaa wakisubiri kuitwa tena "tutakupigia", siku zikapita. Msisubiri simu.

Na wale mnaotangaza bila mkataba mkilipwa posho, dai karatasi leo, mwenye redio wa sasa akiwa anacheka nawe. Waja leo waondoka leo, ndo Tanga yetu, na wenye redio nao ni hivyo hivyo.

Muheza ilikuwa inashika vizuri, mbona sasa inakwaruza? Wamepunguza nguvu?

Hapana, wamehamisha antena. Watu wanadhani redio kufika mbali ni wati. Wati zinasaidia lakini mawimbi ya FM yanakwenda karibu na mstari ulionyooka, hayapindi mlima, kwa hiyo kinachofikisha mbali ni urefu. Antena ikiwa mita 60 kutoka chini, kwenye ardhi tambarare unapata kama kilomita 37 hivi za kuonana na redio yako kabla mviringo wa dunia haujakuziba, na Muheza iko hapo hapo ukingoni. Wakiishusha ikawa mita 30 unabaki na kama 28. Basi Muheza imeshakwenda. Ukiongeza transmita mara mbili hulipati lile ulilopoteza kwenye mnara, unaongeza bili ya umeme tu.

Kule Amani na juu Usambara ni hadithi nyingine, kuna sehemu uko nyuma ya kilima hupati kitu, ukisogea hatua hamsini ukaona bonde unapata safi. Mjaribu na hii: kama redio yako ina kitufe cha mono, bonyeza. Stereo ndo inayoleta yale makwaruzo mawimbi yakiwa dhaifu, mono inavumilia zaidi.

Mbona usiku mwingine inaingia redio ya Mombasa juu yake?

Bahari hiyo. Siku za joto, upepo umetulia, hewa ya moto inakaa juu ya hewa baridi iliyolalia maji, na mawimbi yanateleza katikati yake kama kwenye bomba, yanafika mbali kuliko kawaida. Wavuvi wa Tongoni wanalijua hili zamani. Asubuhi jua likipanda linaisha.

Ramadhani itakuwaje?

Nimeuliza, nimeambiwa kaswida, mawaidha na muda wa kufuturu vipo. Daku sijapata jibu, na daku inataka mtu awepo studio alfajiri.

Inaweza kugeuka redio ya dini?

Haiwezi kuamka tu Jumatatu ikawa ya dini. Leseni inasema wewe ni redio ya biashara au ya jamii, unarusha eneo gani, na ulipoomba uliandika utatangaza nini. Kubadilisha mwelekeo mzima ni kurudi TCRA kuomba. Kuuza saa moja ya Jumapili kwa mhubiri au saa ya Ijumaa kwa mawaidha hiyo ipo na inaendelea.

Si nisikilize kwenye simu tu?

Unaweza. Kwa sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde unakula kama MB 29 kwa saa, ukisikiliza saa 5 kwa siku umefika MB 145, piga hesabu ya bando lako mwenyewe. Mwanangu aliye Muscat anatusikiliza hivyo na anafurahi. Lakini bibi yangu ana redio ya betri mbili na hakuna anayemdai bando. Na TV ilipohamia dijitali, Dar wakaanza tarehe 31 Desemba 2012 na mikoa ikafuata, watu walilazimika kununua ving'amuzi. Redio ya FM haijafika huko, redio ya bibi bado inafanya kazi.

Coastal wakicheza Mkwakwani mtatangaza?

Mwenye redio mpya kasema anataka michezo. Namuunga mkono hapo kwa mikono miwili. Coastal Union walichukua ubingwa wa nchi 1988, African Sports nao wana historia yao, na mji huu unaweza kugawanyika nyumba moja kwa hizo timu. Mpeni mtu wa hapa atangaze, anayejua goli la upande wa wapi.

Nikitaka kulalamika naenda wapi?

Anza redioni kwenyewe na kwa maandishi, peleka nakala mbili, moja wakugongee muhuri ubaki nayo. Andika siku, saa, kipindi, kilichosemwa au kilichoondolewa. Ukikaa bila jibu peleka TCRA, wana Kamati ya Maudhui inayosikiliza malalamiko ya vipindi. Kwa taarab sheria haiwalazimishi kupiga, hilo niwe mkweli, lakini barua 200 zenye majina na mitaa mezani kwa mtu aliyetoa hela yake zinasomwa. Wakala wa Dar naye akizionyeshwa anaona kuna wasikilizaji. Maneno ya kibarazani hayafiki huko.

Ni kweli kaseti za zamani zilitupwa?

Zilitolewa nje. Walikuwa wanataka stoo iwe ofisi ya masoko. Nilifika saa 8 mchana nikazikuta chini ya mwembe, jua limeshahama kivuli, kaseti mamia ziko juani, nyingine utepe umeshatoka umejiviringa kwenye majani. Nikaomba, wakasema chukua utusaidie kusafisha. Nikaenda nazo kwa bodaboda, magunia mawili ya mkonge, safari mbili.

Humo kuna vikundi vya taarab vilivyokuja kuimba studio moja kwa moja, mahojiano na wazee waliofanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, wapigaji wa zamani wa Jamhuri Jazz na Atomic Jazz wakieleza walivyovuka kwenda Kenya kurekodi santuri, na salamu, salamu nyingi. Nazihamishia kwenye kompyuta moja moja. Hakuna njia ya mkato, kaseti ya saa moja inakula saa moja, unakaa nayo. Nahifadhi WAV, faili la sauti lisilobanwa, sio MP3, inakula kama MB 10 kwa dakika lakini haipunguzi kitu. Siziuzi na sizitumi hovyo, maana aliyenunua redio hakununua nyimbo za watu, mtunzi ana hakimiliki yake maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa.

Moja ina karatasi imeandikwa kwa wino wa kijani "Salamu Ijumaa, USIFUTE". Upande wa pili yule mama wa Pongwe alikuja mwenyewe studio, anamsalimia mwanawe, halafu anasita, anamuuliza mtangazaji taratibu, "sasa hivi ananisikia?"

Na mi nina kaseti nyumbani nilirekodi toka redioni, nitupe?

Usitupe. Iangalie kwanza kwenye kile kidirisha cha kaseti, ukiona unga mweupe kwenye utepe ni ukungu wa pwani, usiiweke kwenye mashine maana utachafua na nyingine. Ikiwa safi izungushe kwa kalamu taratibu mpaka mwisho na kurudi ndipo uicheze. Ikianza kulia usiilazimishe, izime, iweke kwenye kopo lenye mfuniko na mchele mkavu umefungwa kwenye kitambaa, uniletee.